Simu Nzuri Hazisafiri

Sijapata kuona wafanyakazi wenzangu wamependeza kama asubuhi ile walipoambiwa walete simu zao ofisini. Madereva walikuwa wamenyoa ndevu. Mlinzi alivaa koti lake la misa. Mume wangu, ambaye tuliamka naye nyumba moja, aliifuta simu yake kwa upindo wa shati hadi nikamuuliza kama anakwenda kuitafutia mchumba. Hakucheka. Aliitia katika mfuko wa kifuani, akafunga kifungo, akatangulia kuteremka kilima kama mtu aliyebeba yai.

Tulikuwa watu wa kakao. Ofisi ilikuwa Butembo, kwenye baridi na vumbi jekundu. Ghala lilikuwa Beni, katika komuni ya Ruwenzori. Na kakao yenyewe ilitoka Kamango, karibu na mpaka wa Uganda, ambako mume wangu alikwenda kununua na kukaa huko hadi gari lijae. Mimi nilikuwa sekretari. Kati ya Kamango na Beni kuna msitu, na miaka ile ndani ya msitu kulikuwa na vita. Sitasema vita gani. Vilibadilisha majina mara nyingi, wakubwa wakatia saini mara nyingi, na sisi tukabaki na hofu ile ile.

Kila asubuhi patron wetu, mwenye kampuni, alitafuta neno la njia. Ndivyo tulivyoliita. Alikuwa mzee aliyeanza maisha akisukuma baiskeli ya mafuta ya mawese, na sasa alikuwa na magari na watu wa kuwauliza habari: padri huku, pasta kule, afisa mmoja aliyependa kahawa yake, wanawake waliotoka sokoni Oicha. Akishasikia wote, aliamua: leo gari litoke, au leo gari lilale. Kisha neno hilo lilipita kwa simu kutoka kinywa hadi kinywa, Butembo hadi Beni, Beni hadi Kamango, na mara nyingine lilifika limechelewa, mara nyingine limepoteza nusu yake. Siku moja gari lililoambiwa lilale likatoka. Mungu alisaidia, likafika Beni na watu wake wote, lakini mlango wa kulia ulikuwa na tundu. Patron aliliona tundu lile, akatia kidole ndani, akakiacha humo kwa muda. Wiki iliyofuata alimwita fundi wa kompyuta kutoka Goma.

Fundi alikuja na tai na Kifaransa chake. Alitutengenezea barua pepe ya kampuni, kila mmoja na anwani yake, na patron alipenda jambo moja tu katika maelezo yote yale: kwamba akiandika neno la njia mara moja litafika kwa wote wakati mmoja, jinsi alivyoliandika, na hakuna atakayesema hakuambiwa. Fundi akaiweka barua pepe hiyo katika simu ya patron na katika simu yangu. Halafu akasikia uvumi kwamba barabara ya kusini inachafuka, akafunga mkoba wake upesi. Aliniachia karatasi iliyojaa namba na herufi.

"Kilichobaki, madame, ni téléphones tu," alisema.

Tu! Ningempata leo ningemrudishia hiyo "tu" yake.

Kazi ile iliniangukia mimi kwa sababu nilikuwa nimesoma informatique katika chumba kimoja nyuma ya parokia, huko Bulengera, tukigombania kompyuta moja. Nilichojifunza hasa ni kugombania. Lakini sifa ikishakushika haikuachii, na patron akawatangazia watu mbele yangu: "Kila mutu akuye na téléphone yake, mama sekretari ataitengeneza. Mais ile ya kufaa société. Hapana kuniletea takataka hapa."

Simu, lakini ya kuifaa kampuni: ndiyo sababu ya ndevu kunyolewa. Nani angetoa simu mbovu mbele ya patron?

Basi zikapangwa juu ya meza yangu, zote zimeng'arishwa, na hakuna hata mbili zilizoelewana. Moja ilikuwa imepitia Dubai na Kampala, na maandishi yake yalikuwa ya lugha ambayo hakuna kati yetu aliyeweza kuisoma. Niliiweka kando ya nyingine inayofanana nayo, nikawa naangalia huku na kugusa kule, hadi tukafika. Ya mhasibu ilikuwa imejaa nyimbo za kwaya ya kanisa lake, haina nafasi ya kuingiza kitu. Nikamwomba afute chache. Akanitazama kwa huzuni.

"Mama sekretari, unataka nifute Mungu juu ya kakao?"

Ya dereva wetu wa njia ya Kamango ilikataa kabisa. Kila nikijaribu ilisema kwamba ile anwani haiaminiki. Nilikwenda nayo hivyo kutwa nzima, nikairudia karatasi ya fundi hadi ikalainika mikononi, nikamwonea dereva wa watu kana kwamba yeye ndiye aliyekataa. Kumbe tarehe ilikuwa mbaya. Betri yake ilipokuwa ikitolewa na kurudishwa, simu ilijisahau, ikarudi miaka mingi nyuma, kabla hata kampuni haijafunguliwa.

"Inakataa juu inazani hatuyazaliwa," nilimwambia dereva. Ilikataa kwa sababu, kwa simu ile, sisi hatujazaliwa bado.

"Basi ituache," alisema, "juu haiyaona vita."

Nikasahihisha tarehe, ikakubali. Nilijisikia kama daktari.

Ya mume wangu ilinikomesha. Ilikubali kupokea, ikakataa kutuma. Barua ziliingia vizuri, lakini ukijibu, jibu lilikaa pale pale likizunguka, kisha simu ikasema haiwezi. Nilibadilisha namba zote za kwenye karatasi, nikarudisha, nikabadilisha tena. Hakuna. Nilipomwambia kwamba simu yake inasikia lakini haisemi, aliichukua akairudisha mfukoni kwa furaha.

"Njo bwana ya muzuri," alisema; ndiye mume mwema huyo, eti. "Patron ataongea, siye tutasikia. Inatosha."

Nikaiacha hivyo, ingawa iliniuma. Sipendi kitu kinishinde mbele ya mume.

Baada ya hapo nilitumwa Beni kutengeneza simu za watu wa ghala. Sasa hapa nieleze jambo ambalo mtu wa kwetu hangehitaji kuelezwa. Mtu wa Butembo akisafiri hachukui simu yake nzuri. Anaiacha nyumbani, kabatini, kati ya vitenge, na anachukua simu ya njia: kile kisimu kidogo cha vitufe chenye tochi, kimefungwa kwa mpira wa baiskeli kisifunguke. Watu wa porini wakikukamata na simu nzuri, kwanza wanaichukua, kisha wanakuuliza umempiga nani picha na unamtumia nani. Na wale wa vizuizini, wenye sare, nao huiangalia simu nzuri kwa mapenzi makubwa mno. Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Sisi tulikuwa tumeumwa mara nyingi. Kwa hiyo simu nzuri ni ya nyumbani, ya kanisani na ya harusini.

Asubuhi ile niliamka, nikaifunga simu yangu nzuri katika kitenge, nikaiweka kabatini, nikatia simu ya njia mkobani, nikapanda gari kwenda Beni kuwawekea watu barua pepe ya njia. Na sikuona kitu. Nilikaa Ruwenzori kutwa nzima katika joto, nikitengeneza simu ambazo wenyewe wamezileta kutoka nyumbani kwao kwa heshima, na mmoja wao alipokuwa akiondoka kwenda kupakia magunia mbali na mji, aliipitisha simu yake kwa mkewe dirishani mbele ya macho yangu. Nilimpungia mkono. Ukiniuliza leo nilikuwa nafikiri nini, nitakujibu kwamba nilikuwa nafikiri juu ya namba za fundi.

Niliporudi tulifanya jaribio. Wote walisimama uani, simu mikononi, na patron akaandika ofisini kwake: Mungu abariki kazi. Uwanja mzima ukalia. Zilibipu, zilitetemeka, moja ikaimba Haleluya. Patron alitoka mlangoni akatusikiliza, akacheka, na nadhani ilikuwa mara ya kwanza tangu lile tundu la mlangoni.

Wiki chache baadaye mume wangu aliteremka Kamango. Alikaa siku zake huko, kakao ikapatikana, na jioni moja akanipigia kwa simu yake ya njia kwamba gari limejaa, kesho watatoka asubuhi. Sauti yake ilikatika katikati ya kuniuliza habari za kikohozi cha mtoto. Huko mtandao wa kwetu huja na kuondoka unavyotaka.

Asubuhi nilikuwa jikoni, nimeinjika uji. Katika chumba cha kulala kitu kikatetemeka ndani ya kabati. Nikaenda, nikafungua, nikafunua vitenge, na pale ilikuwa simu ya mume wangu inawaka. Barua ya patron. Neno la njia. Kwamba gari la Kamango lilale, lisiguse barabara, kuna watu wameonekana msituni tangu jana.

Nisiseme uongo: kitu cha kwanza nilichosikia moyoni kilikuwa furaha. Imefika! Jinsi ilivyoandikwa, kwa wakati wake. Nilisimama nikiitazama nikitabasamu, na nyuma yangu uji ukaanza kuungua.

Harufu ya uji ndiyo iliyonizindua. Neno la njia limefika, ndiyo, limefika kwangu. Mwenye njia yuko Kamango na kisimu cha tochi, na kama gari limepakiwa tangu jana, sasa hivi anapanda.

Nikampigia. Haipatikani. Nikapiga tena, haipatikani. Nikampigia patron.

"Papa patron, message ya njia imefika."

"Njo vile! Niliwaambia," alisema kwa furaha. "Naona hapa, imefika kwa bote."

"Imefika kwangu, papa. Téléphone ya bwana yangu iko mu kabati."

Akauliza habari za dereva:

"Na ya chauffeur?"

"Itakuwa kwake, Bulengera, kwa bibi yake. Batu hapana kusafiri na téléphone ya muzuri, papa. Hata weye."

"Hata miye," alisema polepole. Halafu nikasikia kiti kinaanguka. Aliniambia atajaribu kila mtu anayemjua, padri na afisa na wengine, na mimi nijaribu ninaowajua. Ninaowajua! Tangu barua pepe ianze, namba zote za ofisi zilikuwa za simu nzuri. Ziko makabatini, Butembo nzima, zinalia kati ya vitenge.

Nilimwachia jirani watoto, nikatia simu ya mume wangu mkobani pamoja na yangu, nikachukua piki hadi Bulengera. Mke wa dereva nilimjua kwa salamu za ofisini tu. Nilimkuta nyuma ya nyumba akichambua maharagwe. Nikamuuliza kama simu ya mumewe imelia.

"Iliita asubuhi," alisema. "Mais ni ya papa ya batoto, hatuguse. Na iko mu Kifaransa. Nilizani ni mambo ya kazi."

"Ni mambo ya kazi, mama. Kazi yenyewe njo bwana yako."

Nilimweleza. Aliweka ungo chini taratibu sana, punje isimwagike hata moja. Kisha akaniuliza kitu ambacho kampuni yetu yote, pamoja na fundi wa Goma, haikuwahi kujiuliza.

"Wakiwa kule, banakula kwa nani?"

Mimi sikujua. Mume wangu alikuwa akirudi ameshiba, sikuwahi kuuliza zaidi, na nadhani mke mwingine angeuliza. Yeye alijua. Wanakula kwa mama mmoja mwenye kibanda karibu na soko la Kamango, na alimjua kwa sababu walifanya biashara pamoja: yule mama humpelekea mafuta ya mawese katika gari la kakao, yeye humrudishia viazi na vitunguu vya huku kwetu kwa gari lile lile. Dereva alikuwa akibeba tu. Patron hakujua kwamba gari lake lina abiria wa mafuta. Na yule mama, kwa kuwa yuko karibu na mpaka, alitumia laini ya Uganda, ambayo hupatikana hata ile ya kwetu inapokufa.

Namba ilikuwa imeandikwa kwa mkaa juu ya mlango wa jiko lake. Tukapiga. Ililia hadi ikakatika. Tukapiga tena, ikalia, na sauti ya mwanamke ikaitikia kati ya kelele za sufuria.

"Allô? Ni mama ya vitunguu?"

"Ni miye. Bapapa ya kakao bako wapi?"

"Balikula bugali, balisha toka."

"Zamani?"

"Hapana zamani. Mavumbi yabo ingali hapa."

Wameshatoka! Mke wa dereva alimwambia kwa Kinande, lugha yetu, haraka, maneno machache. Upande wa pili kelele za sufuria zilikoma. Yule mama alisema kata, nisipoteze wakati, shemeji yangu iko na piki, atabafuata. Na simu ikanyamaza.

Tukakaa juu ya ubao nje ya jiko. Yeye Mprotestanti aliomba kwa sauti, mimi Mkatoliki nilishika rozari yangu mfukoni, tukaachiana nafasi. Kuku walikuja wakaanza kula maharagwe ya kwenye ungo na hakuna aliyewafukuza. Niliwaza lori la kakao lililojaa, jinsi linavyopanda kilima kwa shida, na kwa mara ya kwanza nilishukuru kwamba gari letu ni bovu. Kisha nikawaza piki, na matope ya barabara ile, na mtu nisiyemjua akimfuata mume wangu mbio kuelekea msituni, na nikaogopa hata kwa ajili ya huyo mtu.

Sikuweza kukaa bila kufanya kitu. Nilitoa simu yangu, nikafungua barua pepe ya kampuni, nikaandika anwani ya mume wangu, ile niliyoitengeneza mwenyewe. Nilijua haiwezi kumfikia. Nilijua kuliko mtu yeyote. Niliandika maneno mawili tu, "Uko wapi?", nikatuma.

Mkoba ukatetemeka mapajani mwangu.

Hapo ndipo nililia. Mke wa dereva aliacha kuomba, akanishika bega, akaniuliza ni habari gani imeingia, nami nikamwonyesha tu mkoba.

Jua lilikuwa limepanda vizuri simu yake ilipolia. Namba ya Uganda. Alitazama, akaniwekea mimi sikioni, nadhani aliogopa, nikasema allô.

"Mama ya batoto," ilisema sauti ya mume wangu.

Nikaibana simu sikioni.

"Tuko kwa mama. Tuko bote, na chauffeur, na gari. Anatupa bugali mara ya pili, asema ile ya kwanza ilikuwa ya safari." Akatafuna. "Mbona unalia?"

"Nani anakuambia nalia?"

"Nakusikia."

Nilimpa mke wa dereva simu, nikakaa chini juu ya gunia la makaa na sketi yangu ya ofisini, na nikaanza kucheka. Kilichowaokoa, kabla ya ile piki, ni kizuizi cha kutokea Kamango, kile ambacho mume wangu alikilaani kila safari. Wenye sare walikuwa wamewashusha watazame chini ya turubai, dereva akaanza ubishi wake wa kawaida, ubishi ukarefuka, na piki ikawakuta bado wanabishana. Dereva wetu alikuwa mtu mgumu wa kukubali neno. Tangu siku ile sijasikia mtu yeyote wa kampuni akimlaumu kwa hilo.

Siku ile njia haikurudisha watu wote. Gari lingine, la watu wengine, lilipita mapema kidogo, na mchana habari zake zilifika. Sitaki kuandika zaidi. Furaha yangu ilipata aibu niliposikia, lakini haikuondoka. Ilikaa nami kama mgeni unayempenda ambaye amekuja siku ya msiba.

Kesho yake patron aliniita. Juu ya meza yake alikuwa ameweka simu mbili: ile nzuri, na kisimu cha vitufe kilichofungwa mpira. Alikisukuma kile kidogo mbele yangu kwa kidole kile kile alichokitia katika tundu la mlango.

"Hii inaweza kupata mail?"

"Hapana, papa. Haiwezi kabisa."

"Ni ile njo inasafiri."

"Njo ile, papa."

Kisha akasema niwaite bamama, wake wa wote wanaokwenda njiani, waje ofisini na zile simu nzuri. Walikuja. Hawa hawakunyoa ndevu, lakini vitenge vilivyovaliwa siku ile sijaviona tena hata Pasaka. Patron aliwauliza mmoja mmoja: ukitaka kumpata bwana yako akiwa njiani, unapita wapi? Na kila mmoja alikuwa na mlango wake. Huyu alikuwa na muuza mkate wa Mbau. Huyu alikuwa na sista wa zahanati. Huyu, kwa sauti ya chini, alikuwa na mwanamke mwingine ambaye hakumpenda hata kidogo, lakini namba yake alikuwa nayo. Hatukucheka, au tulijaribu kutocheka. Patron alisikiliza hadi mwisho, mikono juu ya tumbo.

"Donc bureau yangu, ofisi yangu, iko mu jikoni," alisema.

Kuanzia hapo neno la njia liliandikwa kwa Kiswahili chetu, si kwa Kifaransa, na lilitumwa katika simu zile zile nilizozitengeneza, mahali pale pale zilipokuwa zikikaa. Kila mke aliyelipokea alilipitisha kwa mlango wake, kisha akanijulisha ofisini kwamba limefika. Kwa simu ndogo tulituma ujumbe mfupi, kama mtandao upo. Fundi wa Goma alipopata habari kwa simu alisema huo si mfumo. Patron alimwambia asante, na wasingya kwa Kinande, akakata.

Barabara ilikaa imefungwa kwa siku kadhaa. Mume wangu alikuwa Kamango akinenepa kwa mama wa mafuta, na mimi jioni, kabla ya kuwalaza watoto, nilikaa na simu yake ile iliyosikia bila kusema. Nilikuwa na hasira nayo. Nilipitia ukurasa wote wa mipangilio hadi chini kabisa, mahali ambapo kidole hakikuwa kimefika kwa sababu kioo kilikuwa na ufa pale, na huko chini kulikuwa na kijisanduku kidogo kitupu: kinauliza kama kutuma nako kunataka jina na mot de passe, neno la siri, kama kupokea. Nikakitia alama. Sikujaribu kutuma kitu. Niliona vibaya kusema kwa kinywa chake akiwa hayupo.

Alikuja na msafara wenye ulinzi hadi Beni, akalala ghalani Ruwenzori, na siku iliyofuata saa za mchana alisimama mlangoni kwetu Butembo na vumbi hadi kwenye nyusi. Watoto walimrukia. Akaoga, akala maharagwe na mboga za lengalenga, akaniambia ya mama wa Kamango yalikuwa na mafuta zaidi, nikamwambia arudi huko. Kisha akanyoosha mkono kama anavyofanya kila akitoka njiani, na mimi nikaenda kabatini nikamletea simu yake.

Alisoma zote kwa utaratibu, akifuata mistari kwa kidole. Ile ya baraka. Ile ya kulala gari, ambayo aliisoma mara mbili, midomo inatembea. Halafu akafika kwenye yangu. Alikaa nayo muda mrefu kuliko maneno mawili yanavyohitaji. Hakuniangalia. Niliona anabonyeza, anakosea, anafuta, anabonyeza tena kwa kile kidole chake kinene cha kupimia kakao.

"Hiyo haitumi," mtoto wetu mkubwa alimwambia.

"Inatuma," nilisema.

Simu yangu ilikuwa kwenye rafu, kando ya kopo la chumvi. Ikatetemeka hadi ikagonga kopo. Niliamka, nikafuta mikono, nikafungua. Barua ya kwanza iliyowahi kutoka katika simu ile ilisema: "Niko hapa."